Maelezo ya Mpokeaji

Simu ya kwanza iliingia saa mbili asubuhi, na kabla haijakatika ya pili ilikuwa inabisha hodi. Kufika saa tatu Mama Kalamu alikuwa ameshatukanwa na watu wanne wa nchi jirani, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, na mtu wa tano alikuwa amemshukuru. Huyo wa shukrani ndiye aliyemtia hofu kuliko wote.

Alikuwa mke wa fundi suti. Alieleza kwa utulivu kabisa kwamba mzigo wa mumewe umefika salama, kwamba miwani ya mumewe imevunjika, na kwa hiyo yeye ndiye aliyemsomea ile karatasi iliyobandikwa juu yake. Karatasi ilisema kuwa fundi asipoonekana dukani atafutwe kwa mke mdogo, nyuma ya kituo cha mafuta. Miaka sita, alisema yule mwanamke, amekuwa akiambiwa kuwa nyuma ya kituo cha mafuta kuna stoo ya vitambaa. Akauliza kama kampuni inahamisha pia vyombo vya nyumbani.

"Vyombo vya nani?" Mama Kalamu akauliza.

"Vya kwake. Vimeshatoka, viko uani."

Mama Kalamu akaahidi kuuliza ofisini, ingawa ofisi ilikuwa ni yeye. Kisha akailaza simu kifudifudi mezani na kuiwekea daftari juu.

Ofisi yenyewe ilikuwa sebule. Tangu kampuni iamue kuvuka mpaka, makochi yalihamia barazani na familia ikawa inakaa juu ya mizigo. Watoto walifanya kazi za shule juu ya maboksi ya vipuri, na ukitaka kula ulitafuta kwanza boksi lisiloandikwa "kinavunjika". Ukutani zilining'inia saa mbili, moja ya hapa na moja ya kule. Nchi zote mbili zilitumia saa ileile, jambo ambalo mumewe aliligundua akiwa ameshanunua saa ya pili, basi akaisogeza ile ya kule mbele kwa dakika tano ili mteja akiingia aone tofauti.

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi, nusu kwa heshima na nusu kwa kumtania, tangu alipochapisha kadi za biashara na kuanza kuendesha pikipiki akiwa amevaa tai. Tai ilipigwa na upepo ikamfunika uso, akaingia kwenye kibanda cha muuza nyanya, akatoka na kadi yake mkononi akamkabidhi muuza nyanya. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na moyo mkubwa, na mwenye moyo mkubwa huona mbali sana kiasi cha kutoliona boksi lililo mbele ya miguu yake.

Kazi yenyewe, kusema kweli, ilisimama juu ya kalamu ya mkewe. Nyumba za mitaa ile hazikuwa na namba, na zilizokuwa na namba zilijipa zenyewe. Katika uchochoro mmoja palikuwa na nyumba tatu, zote namba kumi. Kwa hiyo mtu akileta mzigo, Mama Kalamu hakuuliza nyumba namba ngapi. Aliuliza, "Mtu mwenyewe yukoje?" Mtumaji alieleza, yeye akaandika kwenye daftari lenye karatasi ya kunakili, mtumaji akasaini, nakala ikabandikwa juu ya mzigo. Na watu wakiulizwa mwenzao yukoje, wasipokuwepo wa kuwasikia, hawabaki na akiba ya maneno. "Mwembamba, nywele za kununua, akikuona mgeni anajifanya amelala." "Ana kipara ila hakubali, atafute aliyevaa kofia ndani ya nyumba." Kwa maelezo hayo hakuna mzigo uliopotea kwa miaka tisa. Mwendesha pikipiki alisoma, akamtambua mtu kutoka mbali, na kabla ya kumkabidhi akabandua karatasi na kuitia mfukoni. Hilo la kubandua kila mmoja wao alilijua kama anavyojua kuvaa viatu kabla ya kutoka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia Shemeji.

*

Shemeji alikuwa mdogo wake Mkurugenzi. Alioa kule ng'ambo ya mpaka, akafanya kazi masjala ya mahakama miaka ishirini, na alipostaafu kaka yake akampa cheo cha Meneja wa Tawi la Nje. Alikuwa mtu ambaye akinunua peremende huomba risiti. Mama Kalamu alipompigia, alipokea kwa kutaja jina la kampuni, cheo chake na tarehe ya siku ile.

"Shemeji, zile karatasi juu ya mizigo, uliziondoa?"

"Niziondoe kwa nini? Ofisa wa forodha amegonga muhuri juu yake. Kilichogongwa muhuri hakibanduliwi mpaka kimfikie mwenyewe."

"Kwa hiyo wamezisoma."

"Wote kumi na wawili," Shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya mtu anayesubiri kupongezwa. "Mimi siwezi kumsainisha mtu kitu ambacho hajakisoma. Soma kwanza, kisha saini. Wasioona vizuri niliwasomea mwenyewe, kwa sauti."

Mama Kalamu akakaa juu ya boksi lililoandikwa "kinavunjika".

"Kwa sauti," akarudia.

"Mmoja ni kiziwi kidogo, kwa hiyo kwa sauti kubwa. Majirani walitoka kusikiliza. Tumejitangaza vizuri sana, shemeji."

Mama Kalamu alikuwa bado anajaribu kukumbuka, mmoja baada ya mwingine, yote aliyoyaandika kwenye zile karatasi kumi na mbili, wakati Bwana Cherehani aliposimama mlangoni.

Bwana Cherehani aliuza vipuri vya cherehani, na mizigo yote kumi na miwili ilikuwa yake. Ilikuwa ya majaribio. Ikifika salama, aliahidi, atatoa mizigo arobaini kila wiki, mwaka mzima. Kwa ahadi hiyo Mkurugenzi alikuwa ameshafanya jambo lake. Wiki mbili kabla, aliwakusanya wateja wa mjini, akatoa hotuba, na akamkabidhi njia zote za mjini kijana aliyewahi kumfanyia kazi, bila masharti, kwa kupeana mikono tu, akisema kwamba kampuni ya kimataifa haiwezi kuendelea kubeba keki na viatu vilivyotoka kwa fundi. Kijana alilia kwa furaha. Kwa hiyo sasa nyumba ile ilikuwa na mteja mmoja duniani, naye alikuwa amesimama mlangoni, ameshika simu mkononi, jasho linamtoka.

Mzigo wa saba ulikwenda kwa mama yake mzazi. Bimkubwa, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa na duka kule, na nusu ya vipuri vya mwanawe viliuzwa na yeye. Jana yake Shemeji alisimama mbele ya duka hilo, wateja wamejaa, akasoma: "Bibi mnene, duka kubwa kona ya pili. Sauti utaisikia kabla hujamwona. Anasema ana miaka sitini, ana sabini na ushei. Usibishane naye hata akikosea. Hupenda kusifiwa, msifie kwanza ndipo umpe kalamu."

"Na alimsifia?" Mama Kalamu akauliza kwa sauti ndogo.

"Alimwambia ana duka kubwa."

Bwana Cherehani akasema hataki maneno mengi. Mama yake amezima simu, na mara ya mwisho mama yake kuzima simu ilikuwa siku yeye Bwana Cherehani alipooa. Mpaka Jumamosi, Bimkubwa ampigie yeye mwenyewe amwambie yamekwisha. Asipopiga, mizigo arobaini inakwenda kwa ile kampuni nyingine yenye magari meupe.

Mama Kalamu aliyapokea yote kwa adabu, akitazama chini. Kisha akasema polepole kwamba hayo yaliyoandikwa ni maneno ya Bwana Cherehani mwenyewe, aliyatamka akiwa amesimama palepale, akicheka, na lile la kusifiwa alirudi kutoka njiani kuliongeza.

Bwana Cherehani akatazama nyuma, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Najua ni maneno yangu," akanong'ona. "Ndiyo maana nataka uende wewe, si mimi. Na jina langu usilitaje."

*

Mkurugenzi aliporudi na kuelezwa, alizunguka kati ya maboksi mara tatu, akalegeza tai, akaikaza tena. Alisema kosa ni la kalamu. Alikuwa amesema tangu mwanzo kuwa kampuni ya kimataifa hutumia fomu, na alishachapisha fomu mia tano zenye kisanduku cha namba ya nyumba, nazo ziko chini ya kitanda zinaliwa na mende.

Mkewe alimuuliza ni wangapi kati ya wale kumi na wawili wana namba ya nyumba. Alimuuliza ni wangapi wangepatikana kwa siku moja, na mtu kama Shemeji, katika mji wenye mafundi cherehani mia. Akatazama saa ya kule, kana kwamba amekumbuka kikao.

"Basi mpelekee daftari," akasema baadaye. "Sahihi ya mwanawe ipo. Aione kwa macho yake. Sisi tumo ndani ya kosa gani?"

"Siwezi."

"Kwa nini usiweze?"

"Kwa sababu nikimtoa mmoja, kesho nani ataniambia ukweli? Watakuja hapa waniambie, 'mpokeaji ni mtu mwema, mrefu wa kiasi.' Utampata wapi mtu mwema, mrefu wa kiasi? Wako maelfu."

Mkurugenzi akailegeza tai tena. Alimjua mkewe. Mtu mfupi, mpole mpaka uguse daftari lake. Wapo watu wanaojenga majumba wakaitwa wajenzi, na wapo wanaokaa na kalamu ya senti chache wakazijenga njia za mji mzima kichwani, wasiitwe kitu. Mama Kalamu hakuhitaji kuitwa. Ila alichokiandika kilikuwa kweli, na waliompa ukweli huo walimwamini, na hapo ndipo alipokuwa akisimama. Akiondolewa hapo, hana pa kusimama.

Kwa hiyo Jumatano alfajiri alifunga begi, akaliacha daftari kabatini, akatia funguo kwenye kifua chake, akaenda kuomba radhi nje ya nchi.

*

Mpakani palikuwa na foleni, dirisha, na nyuma ya dirisha ofisa mwenye muhuri. Alichukua kitambulisho cha Mama Kalamu, akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga. Picha ilikuwa imefutika. Palibaki kivuli chenye masikio.

Ofisa alimwambia hilo si tatizo kubwa, kuna fomu. Akaitoa, akailaza, akafungua kalamu, akainua macho na kumtazama. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaanza kuandika, na kwa kuwa kanuni ilimtaka msafiri asikie kinachoandikwa juu yake, alikitamka.

"Mwanamke. Mfupi." Akamtazama tena. "Mfupi sana. Pua ya duara. Begi kubwa kuliko mwenyewe. Anaonekana ana wasiwasi, lakini si wa mhalifu. Wa mtu aliyeacha jiko linawaka."

Watu kwenye foleni walisogea mbele kusikiliza. Mwanamke mmoja nyuma yake alisema lile la jiko ni kweli kabisa, amelinganisha vizuri. Mama Kalamu alihisi masikio yakiwaka moto. Alitaka kusema kitu juu ya pua, akakumbuka watu kumi na wawili, akameza.

"Umri?" ofisa akauliza.

"Arobaini na mbili."

Ofisa akamtazama kidogo, akaandika, akagonga muhuri. Mama Kalamu alipoichukua fomu na kusogea pembeni, aliona pale kwenye umri palikuwa na arobaini na mbili, na mbele yake maneno "kwa kauli yake". Alitembea nayo hatua ishirini ndani ya nchi jirani kabla hajaweza kuikunja.

*

Duka la Bimkubwa hakuuliza mtu lilipo. Alishuka kwenye basi, akasimama kona ya kwanza, akasikia mtu wa kona ya pili akimwambia mteja kwamba sindano hizo si za kuchezea na kama hana nia ya kununua aende akashone kwa meno. Akaifuata sauti.

Bimkubwa alikuwa ameketi nyuma ya meza ya duka, ameijaza sehemu yake yote na kidogo ya jirani. Alipoambiwa mgeni ni nani, aliwatoa wateja nje kwa mkono mmoja, kama anayefukuza kuku, akamwonyesha Mama Kalamu kigoda cha chini, kile cha kupimia watoto viatu. Mama Kalamu akaketi. Macho yake yakawa sawa na droo.

Aliomba radhi. Alisema yaliyoandikwa hayakuwa ya kusomwa na mtu, kwamba ni kosa la kampuni, ni kosa lake yeye mwandishi, na kwamba amesafiri tangu alfajiri kuja kulisema mwenyewe. Bimkubwa alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo, kwa mujibu wa wote waliomjua, halikuwa limewahi kutokea.

"Wewe umewahi kuniona?" akauliza.

"Sijawahi, mama."

"Sauti yangu umewahi kuisikia?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza. Kona ya kwanza."

"Basi ulijuaje kama mimi ni mnene?" Hakungoja jibu. Alivuta droo, akatoa ile karatasi, imekunjwa mara nne, akaikunjua kwa kidole. "Unene nakubali, unaonekana. Sauti nakubali, nimelea watoto sita kwa sauti hii. Lakini hii sabini na ushei ni mtu wa nyumbani. Nani kakwambia?"

Mama Kalamu akasema hawezi kusema.

Bimkubwa alimwambia aseme, kisha akamwambia asiogope, atamsamehe, kisha akamwambia atamfungia mlango mpaka jioni. Kila alipoulizwa Mama Kalamu aliteremka kidogo zaidi kwenye kigoda, na kila mara jibu lake lilikuwa lilelile. Kazi yake ni kuandika, alisema, na anayemwambia humwambia yeye. Akimtaja huyu leo, kesho Bimkubwa mwenyewe akileta mzigo hatakuwa na imani naye.

Ndipo uso wa Bimkubwa ukabadilika, ukachangamka, kama mtu aliyeona kitu chake alichokitafuta siku nyingi.

"Usiniambie," akasema. "Nimeshamjua. Haya si maneno ya mwanangu. Mwanangu hawezi. Haya ni ya mkewe."

Mama Kalamu alifumbua mdomo. Mbele yake, palepale, ilikaa mizigo arobaini kwa wiki, mwaka mzima. Makochi kurudi sebuleni. Mkurugenzi na tai yake. Nyuma ya hiyo alisimama mwanamke asiyemjua, ambaye hakusema neno hata moja. Akisema "siye", Bimkubwa atauliza ni nani basi, na wamebaki wangapi wanaoujua umri wake? Alijua kuwa atalifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi, na alilifikiria kweli. Lakini pale kwenye kigoda kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Mimi siwezi kusema, mama," na Bimkubwa akakipokea kama muhuri.

"Kampuni yenu inaleta tu, au inapeleka pia?"

"Inapeleka."

Bimkubwa akainuka, na rafu zikatikisika. Alirudi na kopo kubwa la majani ya chai, akalisimamisha mezani.

"Mpelekee mkwe wangu. Chukua kalamu. Niulize lile swali mnalowauliza watumaji."

Mama Kalamu akatoa kalamu na karatasi kwenye begi. Huo ulikuwa mzigo wa kwanza kutoka nje kuja ndani katika historia ya kampuni, na mumewe angetaka upigwe picha.

"Mtu mwenyewe yukoje?" akauliza.

Bimkubwa akafumba macho, akavuta pumzi. "Mwanamke mrefu. Husimama mlangoni kama anaidai nyumba. Nyusi amezinyoa akachora nyingine, na alizochora zimepanda juu mno, kwa hiyo muda wote anaonekana kama ameshtuka. Umeandika? Akimkaribisha mgeni anatazama saa. Chai yake ni maji ya moto yenye sifa. Mdomo anao, ila hautumii mpaka mgeni aondoke. Mwambieni aache kunihesabia miaka, ahesabu ya kwake. Je, mstari ukizidi bei inapanda?"

"Haipandi, mama."

"Basi leta karatasi ya pili."

Alipomaliza alisaini kwa herufi kubwa. Mama Kalamu akamweleza, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kawaida karatasi hubanduliwa kabla mpokeaji hajaiona, ndiyo desturi ya kampuni.

"Hii msibandue," Bimkubwa akasema. "Yule bwana wenu aliyeniletea mzigo ana utaratibu mzuri. Soma kwanza, kisha saini. Kesho asubuhi nitampigia mwanangu kumwambia mambo yamekwisha, na saa nne nitampigia tena kumuuliza kama mke wake amesoma ukurasa wa pili."

*

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi aliisoma ile karatasi akiwa amesimama sebuleni, akacheka mpaka akashika ukuta, saa ya kule ikaanguka. Mkewe hakucheka. Akamwambia yale mengine, juu ya mwanamke ambaye hakusema kitu na anabebeshwa. Mumewe akaacha kucheka. Alisema wabandue, nani atajua. Halafu akakumbuka simu ya saa nne. Halafu akasema basi aende Mama Kalamu peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeupokea mzigo.

"Wewe ndiye Mkurugenzi," mkewe akasema.

Wakaenda wote wawili kwa pikipiki, yeye mbele na tai, mkewe nyuma amelipakata kopo. Njia nzima Mkurugenzi alipanga maneno ya kumwambia mpokeaji, na njia nzima upepo uliyachukua. Nyumba ya Bwana Cherehani hawakuwahi kufika. Walijua mtaa tu, na mtaa huo ulikuwa na mageti saba, yote meusi, yote yamefungwa. Wakajaribu la kwanza, akatoka mzee. La pili, akatoka mbwa. La tatu likafunguliwa na mwanamke mrefu, akasimama katikati ya mlango mikono kiunoni, nyusi juu, akatazama saa yake.

Hawakumuuliza jina.

Mama Kalamu akamsalimia kwa heshima, akamkabidhi kopo, akamwomba asome kwanza ndipo asaini. Mwanamke akasoma. Alisoma ukurasa wa kwanza bila kubadilika uso. Alipofika wa pili akarudi kwenye wa kwanza. Mkurugenzi alikuwa ameanza kuikagua pikipiki, tairi la nyuma, kisha la mbele, kisha la nyuma tena. Ndani ya ua, barazani, Bwana Cherehani alitokea na kikombe cha chai, amepoa, anatabasamu. Simu ya kwanza ilikuwa imeshapigwa; mama yake alimwambia mambo yamekwisha, na kwamba mizigo yote ipitie kwa yule mama mfupi, si kwa mtu mwingine. Akamwona mkewe anasoma. Akaiona karatasi. Tabasamu likamkauka.

Mwanamke akasaini, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Akarudisha kalamu.

"Nina swali moja tu, dada," akasema. "Hapa nimeambiwa niache kumhesabia mama mkwe miaka. Mimi sijui hata amezaliwa mwaka gani. Nani aliwaambia nyinyi umri wake?"

Nyuma yake Bwana Cherehani alikuwa anatikisa kichwa polepole, macho yametoka, kikombe kinamwagika kwenye kiatu. Mama Kalamu akamtazama. Akamtazama na yule mwanamke, ambaye nyusi zake, kwa karibu, zilikuwa zimechorwa kwa uangalifu wa mtu anayeamka mapema kuzichora. Miaka tisa hajawahi kuandika uongo, na miaka tisa hajawahi kumtaja mtu. Akasimama vizuri, kwa urefu wake wote, ambao haukuwa mwingi.

"Kampuni haitoi siri ya mtumaji," akasema.

"Ya mtumaji," mwanamke akarudia.

Hakuuliza tena. Aligeuka, polepole, akamtazama mtumaji aliyekuwa barazani, na nyusi ambazo Bimkubwa alidhani haziwezi kupanda zaidi ya pale zilipanda.

Bwana Cherehani akasema kwa haraka, juu ya bega la mkewe, kwamba mizigo arobaini itakuwa tayari Jumatatu. Akasema wangeweza hata kuwa hamsini. Akawaomba waingie, wakae kidogo, wanywe chai, tafadhali wasiondoke kwanza. Lakini mzigo ulikuwa umesomwa na kusainiwa, Mama Kalamu alikuwa ameshapanda nyuma, na Mkurugenzi alikuwa ameshawasha pikipiki.